Safari ya siku moja mlima Uludağ mwezi wa Januari: nivae nini na nibebe nini?

Binti wa Vitongoji

Assalaam aleykum ndugu zangu. Nimepata nafasi ya masomo Istanbul na Inshaallah nitaondoka Unguja mwanzoni mwa Januari. Wanafunzi wa Afrika Mashariki waliotangulia kule wamekwishaniandikisha katika safari yao ya siku moja ya mlima Uludağ, ulio juu ya mji wa Bursa. Nimeambiwa kuwa basi litaondoka kabla ya alfajiri, tutapanda teleferiki (vile vigari vinavyoning'inia kwenye waya) kutoka Bursa mpaka kwenye eneo la mahoteli, kisha tutatembea ndani ya theluji kwa saa mbili au tatu na kurudi jioni. Hakuna atakayeteleza kwa mbao, ni kutembea na kupiga picha tu.

Tatizo langu ni kwamba sijapata kuiona baridi. Nimezaliwa Pemba, nimesoma Unguja, na mahali pa juu kabisa nilipowahi kusimama ni Masingini. Ami yangu amenipa koti lake zito, aliloletewa kutoka Uholanzi miaka mingi iliyopita, na anasema kwamba nikilivaa hilo sitahitaji kitu kingine. Ninazo pia suruali mbili za jinzi, raba mpya na sweta la pamba. Naomba kujua iwapo vitu hivi vinatosha, kipi ninunue hapa na kipi nisubiri kule, na nitie nini mkobani. Fedha zangu ni za kuhesabu, kwa hiyo nielezeni kwanza kilicho cha lazima.

Aliyerudi Erzurum

Waaleykumu salaam dada, na hongera kwa nafasi uliyoipata. Mimi nimeishi Erzurum, mashariki ya Uturuki, kwa miaka mitano, na kosa unalotaka kulifanya nililifanya lote kama lilivyo, pamoja na hizo jinzi.

Nianze na jinzi, kwa kuwa ndizo zilizonifundisha. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi nilizifua nikazianika barazani usiku, kama ambavyo ningefanya nyumbani Jang'ombe. Asubuhi nilizikuta zimesimama zenyewe, ngumu kama ubao wa mlango, na nilipojaribu kuzikunja zikalia. Kitambaa cha pamba hunywa maji na hakiyaachi. Maji nayo huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa. Nawe utalowa, hata mbingu zikiwa safi. Theluji itakulowesha kuanzia chini, na jasho lako litakulowesha kuanzia ndani, kwa sababu kutembea ndani ya theluji inayofika magotini ni kazi kuliko kutembea kwenye mchanga mkavu wa pwani. Kisha mtasimama kupiga picha, upepo upige, na ile fulana ya pamba iliyolowa jasho igeuke kitambaa cha maji baridi mgongoni. Watu wengi wanaoumia na baridi katika matembezi ya namna hii huumia pale wanaposimama, baada ya kutokwa na jasho njiani.

Kwa hesabu ya haraka, teleferiki itakushusha kwenye eneo la mahoteli, lililo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kilele chenyewe kina mita 2,543. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kiasi cha nyuzi sita na nusu. Kwa hiyo Bursa mjini pakiwa na nyuzi 6, ambazo kwako tayari zitakuwa baridi kali, juu utakuta nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri. Ukiongeza upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi yako iliyo wazi itaihisi baridi hiyo kama nyuzi 13 chini ya sifuri.

Sasa nguo. Kinachogusa ngozi kiwe chembamba na cha kubana, fulana ya mikono mirefu na taiti, vyote viwili vya sufu au polista, visiwe na pamba hata kidogo. Juu yake vaa sweta la sufu au lile sweta jepesi lenye manyoya mafupi na zipu, linaloitwa flisi. Juu kabisa vaa jaketi jembamba lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia yake, na suruali ya namna hiyo hiyo. Vyote hivi pamoja ni vyepesi kuliko koti la ami yako, na uzuri wake ni kwamba unaweza kupunguza kimoja na kuongeza kingine. Koti moja zito lina hali mbili tu, umelivaa au umelivua. Ukilivaa utaloa jasho, ukilivua utaganda. Livae Istanbul ukingojea basi, ila mlimani usende nalo. Mnapotoka kituoni uhisi ubaridi kidogo. Ukihisi raha wakati umesimama, basi baada ya dakika kumi za kupanda utakuwa umechelewa kupunguza nguo. Mkobani weka jaketi la pili lililojazwa manyoya au pamba bandia, ulivae mara tu mnaposimama, kabla hujaanza kutetemeka.

Raba sahau kabisa. Kitambaa cha juu kina matundu, theluji huyeyuka ikaingia, na nyayo zake hazishiki barafu. Unahitaji buti linalopita kifundo cha mguu, lisilopitisha maji, lenye meno marefu chini, na lenye nafasi ya kuchezesha vidole vyote vitano ukiwa umevaa soksi nene ya sufu. Nasema soksi moja nene, kwa sababu watu wetu huvaa tatu zikabana, damu isipite, na vidole vikapoa kuliko vya aliyevaa moja. Jozi ya pili ya soksi itie ndani ya mfuko wa plastiki (ambao hapa kwetu umepigwa marufuku, hivyo utaupata huko huko). Kwa mikono, glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja katika nyumba moja huhifadhi joto kuliko zenye vidole mbalimbali. Ndani yake vaa jozi nyembamba, ili ukitaka kushika simu usibaki na mkono mtupu.

Buti na nguo za juu usinunue hapa. Kule mlimani na mjini Bursa kuna maduka yanayokodisha, na kwa siku moja kukodi kunatosha. Sweta, flisi na taiti utavipata kwenye mitumba ya soko la Darajani, hapa Unguja, kwa bei ndogo.

Baharia wa Malindi

Mwanangu, usimdharau ami yako. Nimefanya kazi melini miaka mingi, nimeteremka Hamburg mwezi wa Februari barafu ikielea bandarini, na koti zito la sufu la namna hiyo ndilo lililonifikisha leo nikawa na wajukuu. Hizi nguo nyembamba tatu tatu ni biashara ya wenye maduka.

Ninalokubaliana nalo na huyo kijana ni upepo. Ziba masikio na shingo kabla ya kitu chochote. Kofia ya sufu iteremke mpaka chini ya masikio, na shingoni uwe na kitu cha kuvuta mpaka puani upepo unapokuja usoni. Na ukiona vidole vimekufa ganzi, chukua theluji uvisugue nayo kwa nguvu mpaka damu irudi. Wazee wa melini ndivyo walivyotufundisha.

Aliyerudi Erzurum

Mzee wangu, heshima yako iko pale pale, na kwa mtu aliyesimama zamu sitahani bila ya kwenda kokote koti hilo ni sahihi kabisa, kwa kuwa hatoki jasho. Huyu binti atakuwa anapanda mteremko. Hiyo ndiyo tofauti yetu, wala si ubaya wa koti.

Muuza Mitumba, Darajani

Nimeona nimetajwa, basi niseme ninachokijua. Robota la majaketi ya baridi linapofunguliwa hapa, wateja huyapita kama hawayaoni, na ndiyo maana bei yake ni ya chini. Wanaoyanunua ni wanaokwenda masomoni na wachache wanaokwenda Njombe au Lushoto. Kwa hiyo dada usikubali bei ya kwanza, hata nikiwa mimi ndiye ninayeitaja.

Soma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya shingo au ubavuni. Pamba ikiwamo, rudisha. Kikiwa kimekatwa, tia mate kwenye kidole ugusishe kitambaa: pamba huyanywa papo hapo, polista huchelewa. Sufu ya kweli utaijua ikilowa, kwani hunuka kama mbuzi aliyenyeshewa, na harufu hiyo isikukimbize. Jaketi la juu lijaribu kwa mdomo. Liweke midomoni, weka kiganja upande wa pili, kisha puliza kwa nguvu. Pumzi ikifika kiganjani, upepo wa huko mlimani utafika kifuani. Baada ya hapo mwombe muuzaji maji kidogo uyamwage begani. Yakifanya matone yanayobingirika kama juu ya jani la jimbi, jaketi bado zima. Yakitandaa na kuacha doa jeusi, limekwisha nguvu. Zipu ifungue na kuifunga mara kumi mbele ya mwenyewe, kwa sababu zipu inayokwama Darajani utaivunja pale ambapo vidole vyako havina hisia.

Jambo moja ambalo linanipotezea biashara: buti za theluji za mitumba usizinunue, hata zikiwa zinang'aa. Zimekaa miaka, zimesafiri katika joto la kontena, na nyayo zake huoza kwa ndani bila ya kuonekana. Niliwahi kumuuzia kijana mmoja jozi nzuri sana, na baada ya mwezi akanitumia picha ya wayo mzima uliobaki ndani ya theluji, huku yeye akiwa amesimama na soksi. Nilimrudishia fedha zake, lakini aibu ile ninayo mpaka leo.

Muuguzi Mstaafu, Wete

Assalaam aleykum nyote. Baharia, kaka yangu, naomba radhi kukupinga mbele ya watu, lakini hilo la kusugua kwa theluji lisifuatwe hata kidogo. Nyama ya kidole iliyoanza kuganda ni kama mfuko wenye vipande vya kioo. Ukiisugua unaikata kwa ndani, na theluji inaongeza baridi ile ile unayotaka kuiondoa.

Baridi inapoanza kudhuru kidole, pua au sikio, kwanza pahali hapo huuma. Kisha maumivu hukoma, na mtu hufurahi akidhani amezoea, kumbe hapo ndipo hatari inapoanza. Vitabu vingi huandika kwamba ngozi huwa nyekundu kisha nyeupe, kwa kuwa vimeandikwa kwa ngozi za Wazungu. Ngozi yetu hupauka ikawa ya kijivu, kama iliyopakwa majivu, na ukiigusa huiona ngumu na yenye kuteleza kama mshumaa. Kwa hiyo binti yangu, ipime kwa kugusa zaidi kuliko kwa kutazama. Imeonekana katika majeshi ya Uingereza na Marekani kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha haya kwa wingi kuliko wenzao waliokaa katika baridi ile ile, basi usijilinganishe na Mturuki anayetembea bila ya glavu.

Ukihisi ganzi, tia mikono kwapani, ndani ya nguo, ukae hivyo mpaka maumivu yarudi. Maumivu hayo ni habari njema. Pua na masikio zifunike kwa kiganja kikavu chenye joto. Mguu unaweza kuwekwa kwenye tumbo la mwenzako, ndani ya jaketi, na huu si wakati wa kuoneana haya baina ya wanawake. Mkifika hotelini tumieni maji ya vuguvugu ambayo kiwiko cha mtu mwingine kinayastahimili, kwa sababu kidole chenye ganzi hakijui maji yanapounguza. Moto wa wazi na mtungi wa chai ya moto msivitumie. Na kama hakuna hakika kwamba kidole hakitaganda tena njiani, ni bora kufika kwanza penye joto kisha ndipo kiyeyushwe. Kikiwa kigumu au kikitoa malengelenge, ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kingine ni mwili wote kupoa, joto lake likateremka chini ya nyuzi 35. Mgonjwa mwenyewe hajijui. Utamwona anatetemeka, anaangusha vitu, anajikwaa pasipo na kitu, maneno yanamkwama kama aliyelewa. Akiacha kutetemeka bila ya kuwa amepata joto, hali imekuwa mbaya zaidi. Mvueni kilicholowa, mvisheni kikavu, mkalisheni juu ya mkoba asiguse theluji, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari iwapo anaweza kumeza vizuri, na mrudi naye. Kila nusu saa mtazamane nyuso, wawili wawili.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta katika mfuko wa ndani, isigande. Mwenye selimundu asipande bila ya kuzungumza na daktari wake, kwani baridi na ukosefu wa maji huweza kumwamshia maumivu makali.

Chakula nina raha kukisema. Mwili unaotafuta joto unataka sukari na mafuta, nasi hivyo tunavyo. Chukua halua ya Wete, ukaikate vipande vidogo ukiwa bado nyumbani, kwa kuwa ikipoa huwa ngumu na hutakuwa na kisu wala vidole vya kuikata. Chukua tende zilizotolewa kokwa na karanga. Chai ya tangawizi itie kwenye themosi. Maji nayo unywe ingawa hutahisi kiu. Chupa iweke kichwa chini mkobani, kwa sababu maji huanza kuganda kwa juu, na hivyo mdomo wa chupa utabaki wazi. Midomo na mashavu yapake vaselini, na uso uupake mafuta ya kuzuia jua. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya ile miale inayounguza, kwa hiyo jua hukupiga kwa juu na kwa chini, na bila ya miwani ya giza macho yanaweza kuwaka usiku kama yaliyotiwa mchanga.

Baharia wa Malindi

Nimekubali, dada yangu. Mwanangu, futa nililolisema juu ya theluji. La masikio nabaki nalo.

Binti wa Vitongoji

Ahsanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu. Leo asubuhi nimekwenda Darajani nikapuliza majaketi mpaka watu wakanizunguka. Nimepata fulana mbili za polista, taiti, na sweta la sufu ambalo kweli linanuka mbuzi. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni la stara: je, ninaweza kuvaa buibui langu juu ya nguo hizi zote, na sala nitazifanyaje pale juu? La pili ni simu, kwa maana nimeambiwa kuwa huzimika.

Mama wa Mkunazini

Mwanangu, mimi nimekaa Bursa na mume wangu miaka minne, na Uludağ nimepanda na buibui mara moja tu. Pindo lilikusanya theluji kila hatua, likalowa, kisha likaganda pande zote likawa kama bati linalonigonga vifundoni. Nilipoingia hotelini lilianza kuyeyuka, nikaacha dimbwi la maji kila nilipokaa. Wanawake wa pale wenye kujistiri huvaa koti refu linalofika magotini au chini yake kidogo, lenye mpasuo wa kupigia hatua, na suruali pana isiyopitisha maji chini yake; stara ni ile ile na miguu iko huru. Mtandio wa pamba uache mkobani. Vaa hijabu ya kuvuta kichwani, ya polista, kisha kofia ya sufu juu yake, na hivyo shingo na masikio ambayo Baharia anayalilia yatakuwa yamekwishafunikwa.

Saa ya Uturuki ni sawa na yetu, ila jua si letu. Mwezi huo huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni, na pale juu baridi hukaza kabla ya hapo, mara tu kivuli kinapofika. Adhuhuri na alasiri zote zitawakuta mlimani. Hotelini utapata maji ya kutawadha, na shida hubaki kwenye miguu. Mimi nilinunua khufu, zile soksi za ngozi ambazo Waturuki huziita mest. Ukizivaa nyumbani baada ya udhu kamili, unapangusa juu yake bila ya kuvua, usiku na mchana mmoja kwa mkaazi na siku tatu kwa msafiri. Masharti yake muulize sheikh wako kabla hujaondoka, kwa kuwa soksi ya kawaida haihesabiwi hivyo kwetu sisi Mashafii. Buti likodi ukiwa umezivaa, lisije likabana.

Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, usiiweke mkobani, kwa sababu baridi hupunguza nguvu ya betri. Ikizima, ipashe joto kwapani, mara nyingi huwaka tena. Usiitegemee kuwa ndiyo tochi. Beba tochi ndogo. Na upepo ukizidi, teleferiki husimamishwa, hata kama mmeshapanda. Mwulize kiongozi wenu mtateremka kwa gari gani jambo hilo likitokea, na uwe na nauli mkononi. Sisi tulingojea mpaka usiku, tukiwa na chai iliyokwisha tangu adhuhuri.

Penye barafu tupu tembea kama unayepita juu ya mawe yenye mwani maji yakiwa yametoka: hatua fupi, magoti laini, wayo wote chini kwa pamoja, na mikono isiwe mifukoni.

Binti wa Vitongoji

Nimeshukuru mno, mama yangu. Themosi ninayo, halua nimeagiza Wete, na miwani nitaazima kwa kaka. Koti la ami nitasafiri nalo kwa ajili ya Istanbul. Nimemsomea maneno yenu yote jana usiku, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba hata yeye koti hilo hajapata kulivaa. Aliyemletea hakujua kwamba Pemba hakuna baridi.